Motokari ya jamaa na barabara ya Kasumbalesa

Kila mwaka, wakati mvula inamalizika na kipwa kinaanza, mazungumuzo katika vikundi vyetu yanageuka. Feza ya likelemba imefika mikononi mwa wamoja, na jamaa zinaanza kusema juu ya motokari. Haiko motokari ya kujionyesha. Ni ya kupeleka watoto ku masomo, kubeba mifuko ya unga toka ku soko, kufikisha mugonjwa ku hospitali usiku wakati teksi zimelala. Wengi wetu hatuna feza ya kununua mara mbili. Kama tunanunua vibaya, ada za masomo za watoto ndizo zinaingia mu garaji.

Sisi wa Lubumbashi tunakaa karibu na mulango wenye motokari nyingi zinaingilia. Kasumbalesa iko karibu kilomita 90 toka hapa. Mu barabara hiyo, makamio ya shaba yanashuka kwenda bahari, na makamio ya unga, ya simenti na ya esanse yanapanda kuja kwetu. Katikati yao zinapita motokari ndogo zenye hazina bado plake ya Congo. Mwenye kuuzisha anazioshesha, anapakaa mipira rangi nyeusi, na siku ya Posho zinangaa kabisa. Lakini kila moja imetembea safari ndefu mbele ya kuoshwa. Mwenye anajua safari hiyo anajua namna ya kuuliza na mahali pa kuangalia. Basi tuifuate njia yake, toka mwanzo mpaka mulango wa nyumba yetu.

Kule Japani

Motokari nyingi zenye tunanunua zimetoka Japani. Kule serikali inadai kila motokari ndogo ipimwe: mara ya kwanza kisha miaka 3, halafu kila miaka 2. Vipimo hivyo vinaomba feza nyingi, na ndiyo sababu watu wengi kule wanaachana na motokari yenye ingali na nguvu. Kwa hiyo, tusikatae motokari juu tu ina miaka 15. Umri hauko ugonjwa.

Lakini tudai karatasi. Motokari inatoka Japani na cheti cha kusafirishwa, chenye kinaonyesha namba ya shasi, mwaka wa kuandikishwa mara ya kwanza, na mara nyingi kilomita zenye ziliandikwa siku ya kupimwa. Linganisha namba ya cheti na ile yenye imegongwa mu chuma cha motokari. Kama hazifanane, rudia nyumbani na feza yako. Kilomita za mbele ya volani, usiziamini peke yake, juu fundi anaweza kuzirudisha nyuma kwa saa moja. Angalia badala yake kaucho ya freni yenye mguu unakanyaga, ngozi ya volani, na kiti cha shofere. Motokari yenye inasema kilomita 60,000, na kaucho ya freni imeisha kabisa, inajipinga yenyewe.

Tena, upande wa kaskazini wa Japani kuna teluji nyingi, na wanamwanga chumvi mu barabara juu ya kuiyeyusha. Chumvi inakula chuma toka chini. Weka karato chini, inama, angalia tumbo la motokari. Rangi ya juu inaweza kuficha mengi, tumbo halifiche.

Toka Dar es Salaam mpaka Tunduma

Motokari inashuka mu bandari ya Dar es Salaam. Toka pale mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 2,000. Nyingine zinapanda juu ya kamio, lakini nyingi zinakuja kwa mipira yake, na shofere wa kukodiwa. Watanzania wanaziita magari ya IT, na wanazijua kwa mbio zake, juu shofere analipwa kwa safari. Anapita Mikumi kwenye nyama za pori, anapanda mlima wa Kitonga mbele ya Iringa kwa konakona kali, anapita Mbeya, anafika Tunduma ku mupaka wa Zambia.

Uliza basi: motokari hii imekuja juu ya kamio ao kwa mipira? Kama ni kwa mipira, moteri imekimbia kilomita 2,000, na pengine hakuna mwenye aliifungua hata mara moja kuangalia mafuta. Siku ya kwanza, mbele ya kupeleka watoto popote, badilisha mafuta ya moteri na filtre yake, na uambie fundi afungue magurudumu aangalie freni. Tazama pia kama gurudumu la akiba, kriki na radio ziko, juu vitu vidogo vinapotelea njiani.

Mipira nayo ina umri. Pembeni ya kila mpira kuna namba 4 ndani ya kiduara kirefu. Kama imeandikwa 2316, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2016. Mpira wa zamani sana unaweza kuwa na meno mazuri na bado kupasuka mu joto, mukiwa watu 7 ndani.

Kasumbalesa: barabara inageuka

Japani, Tanzania na Zambia, wote wanapita upande wa kushoto wa barabara. Motokari imetembea safari yake yote mu upande wake. Kisha Chililabombwe inafika Kasumbalesa, kelele za makamio, Kibemba na Kiswahili vikichanganyika, wabadilishaji wa feza wakisimama na mafungu ya franka. Kisha barrière, barabara ni ileile ya lami, lakini sasa tunapita kuume. Volani yenyewe inabaki kuume.

Jambo hili watu wanalizoea mpaka wanalisahau. Shofere anakaa upande wa shimo la barabara. Wakati anataka kupita kamio ya shaba, hawezi kuona kama kuna ingine inakuja, mpaka motokari nusu iko katikati ya njia. Mwenye kuona kwanza ni yule wa kiti cha mbele, upande wa kushoto. Jamaa moja ya chama chetu ina sheria: kiti hicho hakikai mutoto, na mutu wa pale halale safarini. Sheria ya pili: nyuma ya kamio, tunangoja. Kuchelewa kufika nusu saa hakujaua mutu.

Kuna jambo lingine lenye wamama wanapaswa kuangalia. Busi ndogo nyingi za zamani, kama Toyota Townace Noah, ziko na mulango mumoja wa kusukuma, upande wa kushoto. Kule Japani mulango huo unafungukia watembezi wa miguu. Kwetu unafungukia katikati ya barabara. Watoto 5 wanashuka mbele ya masomo, na motokari zinapita mbele ya pua zao. Kama unapenda busi, tafuta yenye milango mbili. Kama iko na mumoja, mutu mukubwa ashuke kwanza, kila siku.

Mu muji wetu

Sasa motokari iko Lubumbashi, na komisionere anaapa kwa jina la mama yake. Mwambie utakuja saa kumi na mbili asubui, mu baridi, na asiwashe moteri mbele yako. Ukifika, weka mukono juu ya kapo. Kama iko moto, kuna kitu amejaribu kuficha. Uwashe wewe, na mutu asimame nyuma kuangalia moshi. Moshi wa buluu: moteri inakula mafuta. Moshi mweusi: inakula esanse vibaya. Mvuke mweupe kidogo mu baridi ni kawaida, lakini kama unaendelea hata kisha moteri kupata moto, maji yanaweza kuwa yanaingia mahali hayapaswe kuingia. Fungua kifuniko cha mafuta. Kama kuna kitu sawa maziwa, usiendelee kuzungumuza bei.

Kwa bwate ya otomatiki, kanyaga freni, tia mbele, tia nyuma. Kama inangoja mbele ya kushika, ao inaruka sawa mbuzi, bwate hiyo itakuomba feza karibuni. Halafu usijaribu motokari mu lami tu. Ipeleke mu njia zetu za Katuba ao za Ruashi, kwenye mashimo, radio ikiwa imezimwa. Ni pale motokari inasema kweli.

Jamaa mbili tunazojua zilinunua mwaka mumoja, kwa bei karibu sawa. Moja ilichukua Noah yenye kungaa, ya moteri ya D-4, yenye inapiga esanse moja kwa moja ndani ya moteri kwa nguvu nyingi. Ni moteri nzuri kwa esanse safi. Kwa esanse ya bidon ya kando ya njia, pompe yake na midomo yake vinaharibika upesi, na si kila fundi anaiweza. Ile ingine ilichukua Corolla Spacio ya moteri ya 1.5, rangi imechakaa, ya mwalimu mwenye aliweka risiti zote za garaji mu kaye. Watu walicheka. Leo Noah iko imesimama juu ya matofali, na Spacio ingali inabeba watoto, mihogo, na mara mbili imebeba mama mwenye kuzaa.

Hatusemi Noah zote ni mbaya na Spacio zote ni nzuri. Tunasema kwamba jina la motokari halitoshi. Mambo matatu ndiyo yanaonyesha kama itakutumikia: namna mwenyeji wa kwanza aliitunza, piesi zake kupatikana hapa, na fundi mwenye anaijua. Kwa piesi na fundi, kuna kipimo cha bure. Kaa pembeni ya barabara kubwa kwa saa moja, hesabu motokari za namna yenye unataka. Kama teksi nyingi ni za namna hiyo, piesi ziko na mafundi wako. Kama umeona moja tu, usinunue, hata kama bei yake ni ndogo. Ni ndogo kwa sababu hiyo.

Mwisho, feza yenyewe. Usimalize yote ku bei. Mufano, mwenye dola 4,000 atafute motokari ya dola 3,000. Ile 1,000 ni ya mafuta, mipira, batri, asiransi, plake na karatasi zingine. Mbele ya kulipa, uliza duane ilipwe na nani, na uone risiti kwa macho, si kwa telefone. Motokari bila karatasi kamili ni chakula cha kila polisi wa barabarani.

Mama mwenye ataenda kuangalia motokari asiende peke yake. Aende na fundi wake mwenyewe, si wa komisionere, amulipe kazi yake ya asubui hiyo hata kama hanunue. Na aende na mama mwenzake wa chama, mwenye macho ya baridi, mwenye feza hiyo si yake. Yule ndiye atakuwa na nguvu ya kusema: mama, hii hapana, turudie nyumbani.