Jicho Halikubali Bure

Wako wazee wasemao kuwa sinema za maajabu, zenye vyombo vya angani na miji isiyokuwako duniani, ni uwongo mtupu usiofaa kutazamwa na watoto wetu. Mimi naona hukumu hiyo imekatwa upesi. Mtunzi wa kisa hadai kuwa jambo limetokea. Humwomba mtazamaji alikubali kwa muda wa saa mbili tu. Lakini, ndugu msomaji, jicho halikubali bure.

Sinema ya Black Panther, iliyotoka mwaka 2018, niliitazama katika banda la video hapa Kemambo, wilaya ya Tarime, ikiwa imetiwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili. Mfalme wa nchi ya Wakanda arejea kwao kwa chombo cha angani. Chini twaona wachungaji waliojitanda mablanketi, na mtu wa Tarime hahitaji kufundishwa mchungaji ni nani. Kisha chombo chaelekea msitu mnene, hakipindi wala hakipunguzi mwendo. Bandani pakawa kimya. Mara msitu ukapasuka mfano wa pazia, kumbe ni kiinimacho, na mji mkubwa ukadhihiri mbele yetu. Hapana aliyeuliza umejengwaje. Wale wachungaji walikwisha kuudhamini. Tena baadhi ya picha za angani za sinema hiyo zilipigwa Uganda, penye milima ya Ruwenzori na msitu wa Bwindi. (Mfasiri ndiye aliyeniudhi, kwa kupiga kelele kabla ya wakati: “Sasa mtauona mji!” Kitendawili gani hicho kitegwacho pamoja na jibu lake?)

Ajabu ni kuwa watu wale wale walioukubali mji waliukataa mgodi. Mwishoni mfalme na mshindani wake waanguka ndani ya mgodi wa madini yaitwayo vibranium, wakapigana kando ya reli. Kemambo ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na wachimbaji wadogo nao wajua kushuka katika maduara na kusaga mawe kwa makarasha. “Vumbi liko wapi?” akauliza mmoja. Hapakuwa na vumbi, wala kifusi, wala jasho, na miili ile miwili iliruka kama pamba isiyo na uzito. Watu wakacheka. Fedha zote zile hazikuweza kumhadaa mtu aliyewahi kubeba kiroba cha mawe mgongoni.

Naikumbuka Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, isiyotimia hata nusu saa. Humo watu waishi wamefungiwa ndani baada ya vita vya maji, hata jasho na mkojo husafishwa vikanywewa. Asha, mtunza makumbusho, atoroka na mche kwenda jangwani, aunywesha jasho lake, aufunika kwa mwili wake. Kisha picha yapaa juu, mti wachipuka pale alipolala, na pembeni msitu waonekana. Niliuamini msitu ule, kwani maji yalikwisha kupimwa mbele yangu tone kwa tone.

Wala siyo mambo ya upuuzi, kwa kuwa mtoto aliaminilo haliachi bandani. Usiku ule wa Black Panther, mpwa wangu mwenye miaka 12 alisimama njiani akivitazama vilima vya mawe ya taka vya mgodi.

“Mjomba,” akasema, “na sisi tuna madini chini. Mji wetu umefichwa nyuma ya nini?”

Wenzake hawakucheka. Nilimwambia twende, giza limeingia. Tulipofika nyumbani akamwuliza mama yake swali lile lile.