Injini Niliyoituma Ukerewe

Oktoba ikielekea ukingoni, huku Minnesota ziwa huanza kutuaga. Asubuhi majani yana barafu nyembamba, bata wamekwisha kuhama kwenda kusini, na mtaani kwetu boti zinarudi nyumbani juu ya trela, moja baada ya nyingine. Yangu niliitoa majini Jumamosi iliyopita. Ni boti ya alumini ya futi 14, kuukuu, yenye injini ya farasi 15, na imenifundisha mambo ambayo mimi, mtoto wa Ukerewe, nilidhani nimezaliwa nayo.

Kazi ya kwanza kabla ya baridi haihitaji zaidi ya bisibisi na chombo cha kukingia. Kwenye mguu wa injini, mbele ya propela, kuna skrubu mbili, moja chini na moja juu. Fungua ya chini, kisha ya juu, uache oili ya gia itoke. Ikitoka na rangi yake, shukuru. Ikitoka kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia. Mara nyingi mkosaji ni mshipi: ulikatika ukiwa unavua, ukajiviringisha kwenye shafti nyuma ya propela, ukaila sili taratibu bila kelele. Ndiyo maana mimi huifungua propela angalau mara mbili kwa msimu nikatazama nyuma yake. Na oili mpya haimiminwi kutoka juu. Husukumwa kwa pampu kupitia tundu la chini mpaka ichomoze tundu la juu, ili hewa yote itoke.

Mwaka wangu wa kwanza sikufanya hivyo. Usiku wa Januari huku unaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, na maji yakiganda hutanuka. Machi nilikuta sanduku la gia lina ufa wa urefu wa kidole. Matengenezo yalikaribia nusu ya bei niliyonunulia boti nzima.

Mengine ni mepesi. Petroli ya huku huchanganywa na ethanoli, nayo huvuta unyevu. Ikilala miezi mitano kwenye kabureta huacha utomvu unaoziba vitundu. Tia dawa ya kuhifadhi mafuta, uiache injini iungurume dakika kumi ikiwa imeunganishwa na bomba la maji. Baada ya hapo isimamishwe wima ili maji ya kupoozea yachuruzike yote. Betri iingie ndani ya nyumba. Beringi za trela zitiwe grisi, maana gurudumu lililopata moto barabarani, likitumbukizwa ghafla kwenye maji baridi, hufyonza maji ndani.

Nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya gereji, mikono ikinuka oili, ndipo ninapomfikiria zaidi mjomba wangu. Chombo chake hakikujua barafu. Adui yake alikuwa jua. Mtumbwi wa mbao ukiachwa ufukweni siku nyingi bila kuonja maji, mbao husinyaa na viungo hufunguka. Kwa hiyo utunzaji wake ulikuwa kinyume kabisa cha huu wangu: mimi nalitafuta tone la mwisho nilitoe, yeye alitutuma sisi watoto kuchota maji ya ziwa na kuumwagia mtumbwi uliopumzika. Kila baada ya miezi michache uliburutwa hadi mwaloni, ukapinduliwa, akaanza kukalafati. Alishindilia pamba kwenye nyufa kwa patasi butu, nyundo ikigonga kidogo kidogo, sikio lake likisikiliza. Pigo lilipobadilika kutoka sauti ya uwazi kuwa sauti nzito, alijua ufa umeshiba, akasogea mbele. Sikumwona hata siku moja akingoja chombo kivuje ndipo akitengeneze.

Miaka tisa iliyopita, ndugu watatu tulioko ughaibuni tulichangishana tukamnunulia injini. Siku ilipofika mwaloni, alinipigia simu sauti ikitetemeka: “Mjomba, umenipa miguu.” Iliishi miezi kumi na minane.

Injini ya boti hupoozwa na maji ya ziwa lenyewe. Ndani yake kuna impela, kipande cha mpira chenye mapezi kinachoenea kiganjani, kinachoyavuta maji juu na kuyatoa nyuma kama mchirizi mwembamba. Mchirizi ukidhoofika, kagua. Ukikatika, zima papo hapo, hata kama uko mbali na nchi kavu. Kasia hubebwa kwa ajili ya siku hiyo. Mwaloni kwetu injini huingia na kutoka mchangani mara kadhaa kwa siku, na magugu maji huziba tundu la kuvutia maji. Mchanga ukayatafuna mapezi, mchirizi ukapungua, na kijana aliyekuwa akiiendesha hakujua hiyo ni dalili ya nini. Hakuna aliyemfundisha. Mimi niliyeituma sikumwambia. Pistoni zikakwama ndani ya silinda.

Hata huku kwenye maji safi, impela hubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu; penye mchanga, mapema zaidi. Bei yake ni ya chakula cha mchana cha watu wawili mjini Minneapolis.

Sisi wa ughaibuni tumekuwa watu wa kutuma vitu vikubwa. Tunatuma injini, jenereta, mashine ya kusaga, pampu ya kumwagilia bustani. Picha hupigwa, dua husomwa, nasi tunalala tukiamini tumesaidia. Hela ya oili haina picha. Na aliyepokea huona haya kuomba tena, asije akaonekana hatosheki. Mjomba alikaa miezi minne bila kuniambia kwamba injini imekufa. Alirudi kwenye kasia kimya kimya, nami kila nikipiga simu naulizia injini, naye ananijibu kwamba wote hawajambo.

Kuna jambo moja la huku ambalo ningelipeleka nyumbani kesho kama lingeingia kwenye sanduku. Sheria ya Minnesota inadai kwamba boti ikitoka ziwani iondolewe majani yote, imwagwe maji, na kizibo cha sakafuni kiwe kimechomolewa muda wote wa safari. Sababu ni kome-pundamilia, kiumbe mdogo kama ukucha, mwenye asili ya maeneo ya Bahari Nyeusi na Kaspi. Aliingia kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa ndani ya maji ya meli, kisha boti ndogo kama yangu zikamsambaza. Sisi wa Ziwa Viktoria tunalielewa hilo upesi. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka. Magugu maji kutoka Amerika Kusini yalijitokeza kwetu mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1980. Tofauti ni kwamba huku kila mwenye boti amepewa sehemu yake ya kazi, nayo ni kizibo mkononi. Mimi changu nimekifunga pamoja na ufunguo wa injini, maana ukisahau kukirudisha, boti hujaa maji ikiwa bado kwenye mteremko wa kushushia.

Lakini ya kuvua yenyewe bado nayachota nyumbani. Karibu kila ninayekutana naye kwenye maziwa haya amekuja kupumzika, na mtu wa namna hiyo anaweza kuvua miaka ishirini asiyasome maji. Mjomba ndiye aliyeniambia kwa simu niache kujificha upepo, nielekee ufuko ambako mawimbi yanapeleka chakula cha samaki wadogo, tena jua likizama. Samaki tunayemtafuta sana huku ni walleye, mwenye macho yanayoona vizuri katika mwanga hafifu, na tangu nifuate shauri lile sirudi mikono mitupu mara nyingi. Siku moja nilimweleza kwamba nilimpata mkubwa, nikampima, nikamrudisha kwa kuwa kipimo cha ziwa lile hakikuruhusu. Nilidhani atashangaa. Lakini hata kwetu sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, hivyo habari ya rula anaijua. Alinyamaza kidogo, akauliza: “Na kabla ya kumshika, mjomba, ulilowesha mikono?” Sikuwa nimelowesha. Mkono mkavu humbandua samaki ute unaomkinga na maradhi; anaondoka anaogelea, kisha anakwenda kufa usipomwona.

Injini ya pili tuliituma miaka minne iliyopita, na inafanya kazi hadi leo. Safari hii uliambatana nayo mfuko wenye impela mbili, plagi, filta za mafuta na sili. Tulimlipa fundi wa Mwanza amfundishe yule kijana kwa siku tatu. Kila mwezi tunatuma kiasi kidogo kisichopungua, cha oili na vipuri, ambacho mjomba halazimiki kukiomba. Na kila mwezi kijana hunirushia video fupi isiyo na maneno: ni mchirizi wa maji tu, nyuma ya injini.

Nimeongeza na maboya ya kuvaa. Huku mtoto chini ya miaka 10 ni lazima alivae boti ikiwa mwendoni, na kila abiria awe na lake chomboni. Ukerewe tuna kila sababu ya kutolichezea jambo hili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na waliokufa walizidi 220.

Ukisafiri kwenda nyumbani Desemba hii na una ndugu anayeishi kwa mtumbwi, mpigie sasa. Muulize aina ya injini na namba ya modeli, kisha nunua impela inayolingana nayo. Nunua na maboya mawili ya watoto, yale ya povu, kwa kuwa hayana mtungi wa gesi wa kukuletea maswali uwanja wa ndege. Yaweke chini kabisa kwenye sanduku, usije ukayapunguza mzigo ukizidi kilo.