Nywila ya Wageni

Kabla haijafika Rapsu, waifai tuliijua kwa kusimuliwa na jamaa zetu wa Eastleigh, Nairobi. Kwetu huku upande wa Kinna, karibu na Mbuga ya Taifa ya Meru, aliyetaka mawimbi ya simu aliyafuata kwa miguu hadi kwenye kiinuko. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilipotua Mombasa, redio ilitangaza kwamba intaneti ya kasi imeingia Kenya. Iliingia kweli, ila kupanda hadi kwetu ilichukua muda.

Tulianza na modemu, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta. Hakikuwa na mengi ya kupangilia: unatia laini, unanunua bando, unangoja. Kilihudumia mtu mmoja, basi hakikuleta ugomvi. Ugomvi uliletwa na ruta ya laini ya simu, kwa kuwa sasa nyumba nzima iliweza kuingia, na anayeweza kuingia lazima awepo wa kumruhusu.

Aliyetufungia ni kijana fundi wa simu kutoka Maua. Aliandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari, ukurasa ukafunguka, akaandika "admin" mara mbili, la kwanza jina na la pili nywila. Tulimkodolea macho kama mganga. Akaupa mtandao jina, akatuachia nywila yake, na kila tulipotaka kuibadilisha tukawa tunampigia yeye, na ujira wake juu.

Uganga huo uliishia mikononi mwa mdogo wangu, aliporudi likizo kutoka chuoni. Alikaa mkekani, akafungua ukurasa uleule kwa simu yake, na kwa lile "admin" lilelile akawa ndani. Alituonyesha kwamba yeyote tuliyempa waifai angeweza kufanya hivyohivyo, abadilishe kila kitu na kutufungia nje wenyewe. Nywila ya kuingia mtandaoni tulikuwa tumeificha vizuri. Ile ya mipangilio ilikuwa imebandikwa chini ya ruta, nasi hatukuwahi kuigusa.

Binamu yetu wa Nairobi alitushauri kwa simu tuchague chaneli 1, 6 au 11, kwani katika gigahezi 2.4 hizo tatu haziingiliani. Kwake ghorofani, ambako kila mlango una ruta, ni ushauri wa maana. Huku Rapsu haukuwa na kazi, maana hatukuwa na jirani wa kugombea naye hewa. Sisi tulisumbuliwa na kuta na mabati. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi, lakini kwetu yaliishia chumba kimoja. Ya 2.4 ni ya mwendo wa pole, ila yalifika jiko la nje na hata chini ya mti wazee wanapokunywa chai. Tena simu nyingi za bei nafuu huku hazikuyaona kabisa yale ya 5. Tukabaki na 2.4.

Lililobaki halikuwa la fundi. Kwa sisi Waborana, mgeni hupewa maziwa au chai kabla ya kuulizwa la safari yake. Utamnyimaje nywila? Ukimpa, simu yake inaanza kujisasishia programu kimyakimya, na bando la mwezi linakauka kabla ya magharibi. Mdogo wangu akaeleza kwamba ruta ina nafasi ya mtandao wa pili, wenye jina na nywila yake, ambao tungeuzima bando likikaribia kwisha bila kugusa wetu. Mama akakata shauri: "Mgeni apewe. Lakini apewe ya wageni."

Julai 2023 intaneti ya setilaiti ya Starlink ilianza kazi Kenya, na sahani zake zikaanza kuonekana hata kwenye nyumba za sola. Mipangilio sasa iko kwenye programu ya simu: unajaza jina na nywila, imekwisha. Ni nafuu kubwa, ingawa nawaona vijana wakichagua aina ya usalama ya WPA3 peke yake kwa kuwa ndiyo mpya, iliyotoka 2018, halafu wanashangaa simu ya nyanya inakataa kuingia. Kwenye nyumba yenye simu kuukuu, chagua ile inayochanganya WPA2 na WPA3.

Na kama bado unatumia ruta ya laini, igeuze usome kibandiko chake. Ikiwa nywila ya mipangilio iliyoandikwa hapo ndiyo ungali unaitumia, ibadilishe leo.