Kabari ya Nyuzi Nne

Nilipoanza kupeleka wageni Serengeti, madereva walionitangulia Arusha walinifundisha kwamba Land Cruiser ya kazi lazima itetemeke. Nikalipokea hilo na kuliamini kwa miaka mingi. Leo nashuhudia kinyume chake, kwa sababu gari nilipendalo lilibadilika nikiwa nimelishika usukani.

Ni HZJ75 ya zamani, injini ya 1HZ ya lita 4.2, springi za bapa mbele na nyuma. Kwa paa la kufunguka, friji, mafuta ya akiba na wageni na mizigo yao, springi zilikuwa zimelala kabisa. Zikafungwa mpya, nene, zenye upinde mkubwa. Gari likanyanyuka, na kwenye njia mbovu kati ya lango la Loduare na Naabi likatulia kuliko nilivyowahi kuliona. Lakini tukirudi kwenye lami, kila nilipofika kilomita 70 kwa saa sakafu ilianza kuvuma. Ulikuwa mtetemo mwembamba, wa haraka, unaopanda kwenye nyayo hadi mgongoni. Mgeni wa kiti cha nyuma akiuliza jambo, ilibidi apaze sauti.

Tairi zikabalansiwa. Krosi za propela zikabadilishwa. Haukuisha.

Fundi mmoja mzee alikataa kushika spana kabla ya kuniuliza, "Mwanangu, linakutetemesha mikononi au kitini?" Nikamjibu kitini. "Basi tuachane na tairi." Kwenye gari hili propela huzunguka zaidi ya mara nne kila gurudumu linapozunguka mara moja, kwa hiyo kasoro yake hutetema upesi upesi chini ya sakafu, tairi hutikisa taratibu, na mara nyingi ni usukani unaolisema.

Hakuliinua gari kwa jeki. Alitaka lisimame kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa na uzito wa safari, maana ekseli ikining'inia kipimo chochote ni cha uongo. Akabandika kipima pembe chenye sumaku kwenye uso wa flenji, nyuma ya gia boksi: nyuzi 3 kuelekea chini. Kwenye difu: nyuzi 6, pua ikitazama juu. Springi mpya zilikuwa zimeizungusha ekseli, na hakuna aliyepima zilipofungwa.

Nilichojifunza hapo sijakiacha tangu siku hiyo. Krosi iliyopinda haizungushi sawasawa. Hata ikipokea mwendo wa kasi moja, inautoa ukiharakishwa na kupunguzwa mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye pembe ya nyuzi 10 kasi hupanda na kushuka kwa karibu asilimia 1.5. Krosi ya pili imewekwa kufuta yumbo hilo, nayo huweza tu pembe yake ikilingana na ya mwenzake.

Fundi akachagua kabari za chuma za nyuzi 4, si 3. Springi za bapa hujipinda unapokanyaga mafuta na pua ya difu hupanda kidogo, akasema, kwa hiyo tuianzishie chini kidogo. Kabari hukaa kati ya springi na kikalio chake kwenye ekseli. Springi ikiwa chini ya ekseli, ukitaka kushusha pua ya difu ya nyuma, upande mnene huelekea nyuma ya gari. Springi ikiwa juu, huelekea mbele. Bolti ya katikati ikabadilishwa kwa ndefu zaidi ili kichwa chake bado kizame kwenye tundu lake, kwani hicho ndicho kinachozuia ekseli isihame. Yubolti zikawa mpya.

Kutoka Makuyuni nilipita 70, nikafika 80, na sakafu haikusema kitu. Nikaisikia injini peke yake. Nyuma yangu mama mmoja alimsimulia binti yake habari za duma waliyemwona asubuhi, kwa sauti ya kawaida, nami nikasikia kila neno. Nilifurahi mno.

Kwenye ekseli ya mbele kulikuwa na shida nyingine: usukani haukurudi wenyewe baada ya kona. Mlalo wa nyuma wa kingipini ulikuwa umepungua. Kuurudisha kwa kabari kunashusha pua ya difu ya mbele, na krosi ya propela ya mbele inapata pembe kali zaidi. Huwezi kupata vyote viwili kwa kabari. Tuliupa usukani haki yake, maana hapo ndipo penye roho za watu; kwenye lami habu za mbele nimezifungua na propela hiyo haizunguki.

Sasa springi mpya zikifungwa, naliendesha gari kwanza na mzigo ili zikae, kisha nadai zipimwe pembe, mbele na nyuma, namba ziandikwe. Yubolti zinakazwa tena baada ya safari ya kwanza. Wapo mafundi wanaoniona msumbufu. Nawaletea kipima pembe changu.