Nani Atausemea Mti?

Mti hauna mdomo. Ukikatwa, hauwezi kwenda mahakamani. Mto nao ukitiwa sumu, hauwezi kushtaki. Ni nani atakayeusemea?

Swali hili liliulizwa na mwalimu wa sheria wa Marekani, Christopher Stone, aliyezaliwa mwaka 1937. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 1971 aliwauliza wanafunzi wake: itakuwaje mito na miti ikipewa haki zake? Darasa zima likabishana.

Wakati huo kampuni ya Walt Disney ilitaka kujenga mahali pa starehe katika bonde la milimani liitwalo Mineral King. Chama cha Sierra Club kilikwenda mahakamani kuizuia. Stone akaandika makala upesi, ili majaji waisome. Alieleza hivi: mtoto mchanga hawezi kujitetea, lakini sheria humpa mlezi. Kampuni si mtu, lakini sheria huipa haki. Kwa nini mto usipewe mlezi?

Mwaka 1972 mahakama ya juu ya Marekani ilikikatalia chama kile. Lakini Jaji William Douglas hakukubaliana na wenzake, naye akaitaja makala ya Stone. Mwisho wake, majengo yale hayakujengwa. Mwaka 1978 bonde liliingizwa katika hifadhi ya taifa.

Stone aliendelea kufundisha na kuandika, hata juu ya mabadiliko ya tabianchi. Alifariki mwaka 2021. Alikuwa hai mwaka 2008, Ekwado ilipoandika haki za maumbile katika katiba yake. Tena alikuwa hai mwaka 2017, Nyuzilandi ilipoupa mto Whanganui haki kama mtu, na walezi wawili wa kuusemea.

Mimi humkumbuka mtu huyu kila nipitapo mtoni kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 haikuufanya mto kuwa mtu. Lakini inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na nafasi ya kuitetea mahakamani. Pia inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Basi, walezi ni sisi. Kazi hii si nyepesi. Jirani anayelima ukingoni ana watoto wa kulisha, nasi tunazikana naye. Hata hivyo, tuseme naye mapema na kwa upole, tumsaidie kupata shamba jingine. Mto ukikauka, watoto wake na wetu watakosa maji pamoja.