Pangaboi la Songea

Wadau, mniwie radhi kwa ukimya. Sikuwepo chuo. Nilikwenda kumzika bibi kule Mbamba Bay, na sikuwahi.

Taarifa ilinikuta hosteli usiku. Rumeti akasema panda ndege mpaka Songea. Ndege kwa bumu gani jamani? Alfajiri nikawa stendi ya Mbezi. Karibu kilomita 1,000 mpaka Songea, nikalala hapo, asubuhi Mbinga, halafu ule mteremko wa kwenda ziwani. Nilipofika, watu walishatoka makaburini.

Jioni tumekaa matangani, mjomba mmoja akaanza: "Wenzetu Mwanza na Mbeya wanatua jeti, sisi wametuachia pangaboi. Wangeleta kubwa nauli ingeshuka, huyu mtoto angewahi." Wote tukaitikia, hata mimi.

Aliyekataa ni baba mdogo, ana Hiace yake ya Mbinga na Mbamba Bay. Akanigeukia: "Mwanangu, mimi niliwahi kuchukua Coaster. Abiria walewale. Nikawa nasubiri ijae, safari mbili kwa siku zikawa moja, na mafuta inakunywa. Nikamrudishia mwenyewe."

Nimerudi chuo na hesabu hiyo kichwani. Pangaboi letu ni Dash 8 Q400 ya ATCL, viti 76. Mbili za kwanza zilipokuja Septemba 2016 watu walizicheka sana kwa hayo mapanga. Jeti wanayoitamani ni Airbus A220-300, viti 132, na uzito wake wa kuruka ni zaidi ya mara mbili. Sasa Dar mpaka Songea kwa anga ni kama kilomita 580. Hapo jeti inakuokolea dakika kumi na kitu tu, na mafuta inachoma zaidi. Tuseme abiria ni 60. Kwenye Q400 vinabaki viti 16 vitupu, kwenye jeti vinabaki 72. Kiti kitupu nacho kinasafiri, na nauli yake wanalipa waliokaa. Au basi ndege ipunguziwe siku, ndiyo yale ya Coaster.

Fastjet nao waliyapitia. Walianza Novemba 2012 na Airbus A319, baadaye wakahamia Embraer E190 ambazo ni ndogo zaidi, ili viti vilingane na watu. Hata hivyo mwaka 2018 wakasimama. Kwa hiyo udogo peke yake si dawa.

Mimi jeti ya Songea siitaki tena. Nataka pangaboi lije siku nyingi, na lijae, siyo wakati wa kuuza kahawa tu. Atakayefiwa Jumanne aondoke Jumanne.

Ila nisiwadanganye: hata lingekuwepo usiku uleule, nauli nisingekuwa nayo. Hilo baba mdogo hakulijibu, na mimi sijapata jibu.

Kesho asubuhi nina tesiti. Tuonane wadau.