Difragi Isubiri: Kompyuta ya Baba na Kaseti za Bibi

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliulizana nani katika familia anatunza sauti za wazee wetu. Kwetu jibu ni moja: kompyuta ya baba. Ni ile ya mezani, Windows XP, diski ya GB 80, iko chumba cha wageni Milton Keynes. Haijaunganishwa na intaneti tangu Microsoft waache kuihudumia XP mwaka 2014, na afadhali ibaki hivyo hivyo.

Mle ndani mna kaseti 14 za bibi. Kama wazazi wako walihama kabla ya WhatsApp, utanielewa. Simu ilikuwa ghali, kwa hiyo bibi alikuwa anakaa kitako Unguja, anarekodi saa nzima, kisha anampa kaseti mtu anayesafiri. Baadaye baba akaziingiza zote kwenye kompyuta. Saa moja ya sauti yenye ubora wa CD inakula kama MB 635, kwa hiyo zote pamoja ni karibu GB 9. Kaseti zenyewe zilitupwa tulipohama nyumba. Yaani nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Mwezi uliopita baba kanipigia. Baada ya salamu akasema, "Mwanangu, hii mashine imekuwa nzito. Nimeiambia ijipange, imekataa."

Kujipanga ndiyo difragi. Nikamwomba anisomee maneno yaliyotokea. Ilikuwa inasema diski haipangiki mpaka chkdsk ipite kwanza.

"Kwani hiyo difragi hasa inafanya nini?"

Hapo ndipo Kiswahili changu cha mezani kikatoka jasho. Nikamwambia: baba, chukulia barua ya kurasa tatu. Ya kwanza iko kwenye droo, ya pili chini ya godoro, ya tatu jikoni. Barua haijapotea, ila ukitaka kuisoma lazima uzunguke nyumba nzima. Difragi inazikusanya kurasa na kuziweka pamoja.

"Basi hiyo nyumba ya bibi yako," akacheka.

Sasa, kwa nini ilikataa? Windows huwa inaweka alama kwenye diski ikihisi kuna kitu hakiko sawa, kwa mfano kompyuta ikizimwa ghafla. Baba anazima kila kitu kwenye soketi ya ukutani, tabia ya mtu aliyekulia na umeme wa kukatika. Alama ikishawekwa, ukiwasha tena unaona skrini ya buluu: chkdsk inataka kukagua, bonyeza kitufe chochote ndani ya sekunde 10 kama hutaki. Baba alikuwa anabonyeza kila siku, manake inamchelewesha. Kwa hiyo alama ikabaki palepale, na difragi ikagoma. Na ilikuwa na haki. Huwezi kuhamisha kurasa kama orodha ya zilipo yenyewe ina makosa.

Watu wengi wangemwambia aache chkdsk ipite, basi. Mi nikamuuliza kwanza, "Inatoa sauti yoyote?" Akasema inagonga-gonga, tik, tik. Nikamwomba aizime vizuri, asiiguse mpaka Jumamosi.

Diski inayogonga huenda inakufa. Difragi inaisomesha na kuiandikisha sana, na chkdsk yenye /r inapitia diski nzima kutafuta sehemu mbovu. Kazi zote mbili zinaweza kuimalizia. Kwa hiyo mpangilio wangu ulikuwa huu: kwanza nakala kwenye diski ya nje, pili chkdsk, tatu kuangalia nafasi, manake difragi ya XP inataka angalau asilimia 15 iwe wazi na baba alibakiwa na GB 3. Difragi yenyewe mwisho kabisa. Kama laptop yako ina SSD, difragi hii haikuhusu: haina sindano ya kuzunguka kutafuta vipande.

Jumamosi faili 13 zilinakilika bila shida. Ya tisa ikakwama katikati, kila mara palepale. Baba alikuwa amekaa nyuma yangu kimya, tasbihi mkononi. Zilipokuwa salama zile nyingine ndipo nikaendesha chkdsk /r. Ilichukua saa nyingi. Ilipomaliza, ile ya tisa ikakubali kunakilika, lakini ina pengo: bibi anasimulia habari za mvua, kisha sekunde nne hakuna kitu, kisha anaendelea.

Tukaisikiliza mara tatu. Nikamuuliza, "Hapo alikuwa anasema nini?"

"Hapo? Alikuwa anakohoa tu."

Sijui kama anakumbuka kweli au alikuwa ananipoza. Sikumuuliza tena.

Difragi hatukuifanya kabisa. Diski ile imestaafu, na kaseti sasa ziko sehemu tatu: kwangu, kwa dada, na kwa baba kwenye laptop mpya anayoizima vizuri, tena kwa malalamiko.

Wiki hii ukiwapigia wazazi, ukishamaliza shikamoo na habari za afya, uliza: sauti za wazee wetu ziko wapi, na nakala ni ngapi? Ukijibiwa "moja", usingoje mashine igome.